Swali kutoka Kalacha

Marsabit, 14 Juni 2025

Kaka Manzi,

Natumaini barua hii itakukuta mezani kwako, mkasi mkononi, na Mama yuko pembeni anakulalamikia kwamba umekata kitambaa cha mteja kifupi. Msalimie, ila usimwambie niko wapi. Anajua niko Nairobi kwenye semina ya walimu. Mguu wako unaendeleaje? Na Kayitesi wa Shangazi Gahongayire, ameshapata tarehe ya harusi, au bado wanabishana kuhusu ukumbi?

Mimi ni mzima. Pikipiki yako pia ni nzima. Ndiyo, ni mimi niliyeichukua. Nadhani ulijua siku ileile, ulipokuta turubai limekunjwa vizuri, maana mwizi hakunji turubai. Nilibadilisha mnyororo Kampala. Kutoka Isiolo kuja huku ni lami tupu, na upepo unasukuma kutoka ubavuni mpaka shingo inauma.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe na mimi hatuna maneno. Miaka mitatu sasa ni "Uko sawa?" "Niko sawa," halafu mmoja wetu anasema mtandao unakatika. Huku ninakokwenda hakuna mtandao, kwa hiyo hatutakuwa na kisingizio.

Kesho natoka kwenye lami. Nashuka jangwani kupitia Maikona mpaka Kalacha, njia uliyopita peke yako mwaka 2022. Nakumbuka ulivyosema siku ya kuondoka: umechoka kuitwa "Moto! Moto!", jina la pikipiki yako, kila kona ya Kigali, unataka wiki mbili mahali ambapo hakuna abiria. Lakini mimi siendi kuona jangwa. Nawatafuta watu wa Elema, yule kijana mliyegongana naye akafa. Jina la baba yake na mahali wanapokaa vimo kwenye nakala ya polisi uliyoificha chini ya vitenge. Nimeisoma. Imeandikwa kwamba ulisema, "Alinijia upande wangu."

Mtu amekufa, na hakuna hata mmoja wa nyumba yetu aliyekwenda kukaa msibani kwao. Mama alisema tutakwenda ukipona. Ulipona. Hatukwenda.

Ukitaka kunijibu, wape barua watu wa basi pale Nyabugogo, uandike juu yake jina langu na "Duka la Wario, Marsabit". Malori ya mbuzi yataniletea.

Mdogo wako,
Umulisa


Nyamirambo, 27 Juni 2025

Umulisa,

Barua yako imefika jana, inanuka mbuzi. Mama hajambo, presha imeshuka, anakusalimia na anauliza ni semina gani hiyo ambayo mwalimu hawezi kushika simu. Nimemwambia ni ya hesabu. Kayitesi anaolewa tarehe 30 Agosti. Shangazi alitoka Busanza kwa mabasi mawili kuja kutuletea kitambaa. Anataka mishanana kumi na miwili ya wasindikizaji, zile nguo zetu za sherehe za kufunga begani, yote rangi ya "chai yenye maziwa, lakini si maziwa mengi". Nikamwambia, "Shangazi, niletee kikombe nione." Akanipiga kwa mkoba.

Valens, mwenzangu wa kijiweni, alipita na moto yake, akauliza yangu iko wapi. Nimesema imekwenda semina pia.

Sha, mwalimu mzima anaiba! Basi sikiliza. Mchangani punguza upepo kwenye tairi zote mbili. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Usivuke uwanda wa Chalbi saa sita mchana, macho yatakuonyesha maji na utayafuata. Ukianguka, zima injini kwanza, halafu ndiyo uangalie mwili wako.

Hao watu waache. Walishamzika mtoto wao, usiende kuwafukulia. Niliyowaambia polisi niliyasema nikiwa na mguu uliovunjika mara tatu. Yameandikwa, yamegongwa muhuri, yamekwisha. Kaone jangwa, piga picha, rudi nyumbani.

Manzi


Kalacha, 9 Julai 2025

Kaka Manzi,

Barua yako nimeipata jana kutoka kwa dereva ambaye alikuwa ameikalia tangu Marsabit, makusudi, ili isipeperuke. Nimefurahi kusikia presha ya Mama imeshuka. Mwambie Shangazi kwamba rangi hiyo ipo, nimeiona huku: ni rangi ya ngamia.

Nilivuka kwa siku mbili. Siku ya kwanza niliimba ndani ya kofia. Siku ya pili niliacha, kwa sababu sauti ilianza kuwa kama ya mtu mwingine aliyebanwa humo pamoja nami. Nilikuwa nikidhani upweke ni kukosa watu. Kule niliona ni kukosa kitu chochote cha kunipimia: hakuna mti wa kunionyesha kwamba nasonga, hakuna nyumba ya kunionyesha kwamba mimi ni mkubwa au mdogo. Hata barabara hakuna. Kuna alama za tairi tu, kumi, ishirini, zinaachana, zinakutana tena. Unachagua moja na kupita katikati yake. Kabla ya kufika nilianguka mara moja, si kitu, goti tu. Nitakueleza siku nyingine.

Watu wa Elema wanakaa nusu saa kutoka Kalacha kwa pikipiki, nyumba tano za mviringo, za fito na mikeka. Nilisimamisha pikipiki mbali, nikatembea. Baba yake anaitwa Boru, mama yake Qabale. Wote wawili wanajua Kiswahili, cha sokoni, lakini kinatosha. Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Kigali. Ikapotea. Nikasema tu, "Mimi ni dada wa yule Mnyarwanda. Tumechelewa kuja msibani."

Mzee Boru akasema, "Miaka mitatu. Mmekuja kwa miguu?"

Mkewe akacheka kidogo, akaniletea chai ya maziwa ya ngamia. Hakuna aliyenifukuza. Kwa siku mbili hakuna aliyesema chochote kuhusu Elema, na mimi sikuuliza. Siku ya tatu Mama Qabale alinikuta nikifungua chujio la hewa nikung'ute vumbi, akachuchumaa upande wa pili wa pikipiki, akaongea huku anaitazama injini.

Elema alikuwa akibeba maji na wagonjwa kwa pikipiki yake. Asubuhi ile alikuwa amerudi alfajiri, kutoka kumpeleka mwanamke mjamzito zahanati. Hakuwa amelala hata kwa saa mbili. Mbuzi wa Mama Qabale walikuwa wanakufa, naye akamwamsha aende kununua dawa. "Nilimtikisa mara tatu," akaniambia. "Mara ya kwanza hakusikia. Ya pili alisema, Mama, kidogo tu. Ya tatu nilimvuta mkono." Polisi walipokuja na kueleza kwamba Elema ndiye aliyehama upande, Mzee Boru alisema basi alisinzia. Tangu siku hiyo hawajazungumza tena juu ya jambo hilo, ila kila mmoja wao anajua ni nani aliyemwamsha.

Akaniuliza swali, nami nakuandikia kama alivyolisema: "Kaka yako ndiye mtu wa mwisho aliyemwona. Mwanangu alikuwa macho, au alikuwa amelala?"

Nilimwambia sijui, nitakuuliza. Akasema atasubiri. Hakuna ajuaye isipokuwa wewe, Kaka. Niandikie.

Umulisa


Nyamirambo, 2 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Hapa kila mtu ni mzima ila Kayitesi, ambaye amenenepa na anasema ni mimi niliyempima vibaya. Mishanana saba iko tayari. Umeme umekatika mara tatu wiki hii, Mama amerudi kwenye cherehani yake ya miguu na anajigamba mtaa mzima. Ameshajua. Mwalimu mwenzako, Mukasine, alipita kununua sare za mtoto wake, Mama akamwuliza semina inaendeleaje. Akasema, "Semina gani?" Mama hakunifokea. Alikaa, akaweka uzi kwenye sindano, akautoa, akauweka tena. Kisha akasema, "Amekwenda kule?" Nikasema ndiyo. Hajaniuliza zaidi, na chakula bado anakupakulia, halafu anakirudisha chunguni.

Kuhusu huyo mama: mwambie sikumbuki. Lilikuwa jua kali na vumbi, kila kitu kilikwisha mara moja. Mtu aliyepigwa kichwa hakumbuki. Mweleze hivyo kwa upole.

Ulianguka wapi? Kulikuwa na gari? Kwa nini hukueleza?

Shule inafunguliwa mwezi ujao. Rudi, tafadhali.

Manzi


Kalacha, 15 Agosti 2025

Kaka Manzi,

Salamu kwa Mama. Mwambie asinipakulie, roho inaniuma. Mwambie pia nimejifunza kukamua mbuzi, vibaya. Huku wazima wote, isipokuwa upepo haujatulia siku kumi na moja na mchanga umeingia hata kwenye kurasa za daftari hili.

Umeuliza kama kulikuwa na gari. Kulikuwa na lori, na nadhani ulishajua kabla ya kuuliza.

Siku mbili sikuwa nimemwona mtu. Nikaliona kwa mbali, likielea juu ya mazigazi, na nilifurahi kama mtoto. Uwanda mzima ule, Kaka! Ungeweza kupishanisha nchi nzima pale bila kugusana. Lori likasogea kwenda kushoto kwake. Mimi nikasogea kulia kwangu. Sikuamua. Mikono iliamua. Kwenye lami ya Uganda na Kenya nilikuwa najikumbusha kila asubuhi, "kushoto, kushoto," na magari mengine yalinikumbusha. Jangwani hakuna wa kukukumbusha, na mwili unarudi ulikojifunza, kwenye mteremko wa Nyamirambo, ambako mkutano wowote unamalizwa kwa kwenda kulia. Nililiona lori limenijia usoni, na jambo la kwanza lililonijia akilini, naandika hapa kwa aibu, ni, "Huyu dereva amelewa!" Nikazidi kwenda kulia. Dereva ndiye aliyenikwepa. Nilianguka, nikazima injini kwanza, kama ulivyonifundisha zamani.

Utingo aliruka chini huku ananifokea. "Dada! Unatafuta kifo na jangwa lote hili? Kwenu hakuna kushoto?"

Nikasema, "Kwetu ni kulia."

Akamtazama dereva. Dereva akasema, "Basi hapa si kwenu."

Niliketi pale baada ya wao kuondoka, sijui muda gani. Sikulia kwa ajili ya goti. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uniambie wewe, kabla sijakwambia mimi.

Sasa Mama Qabale haniulizi. Ninapomletea maji (nabeba madumu manne kila safari, kwa pikipiki yako, njia aliyopita Elema) ananitazama mikononi kama nimeshika bahasha, halafu ananishukuru kwa maji. Barua yako niliyompelekea haikuwa na jibu. Nilimwambia umesema hukumbuki. Akasema, "Bado mgonjwa?" Si kwa kejeli. Alikuhurumia.

Ningeweza kumjibu mwenyewe. Ningeweza kusema, "Alikuwa macho, mama, kosa lilikuwa letu." Lakini mimi sikuwepo. Nikisema, ni huruma tu ya mgeni, na huruma ya wageni ameshapata nyingi. Anataka neno la aliyeona. Usiniambie umesahau. Mtu aliyesahau haachi pikipiki chini ya turubai miaka mitatu na kulipia gereji itengenezwe kila kitu.

Nimemwandikia mkuu wa shule kwamba sitafika kwenye ufunguzi. Huenda nisiwe na kazi. Nitakaa hapa mpaka ujibu.

Umulisa


Nyamirambo, 11 Septemba 2025

Umulisa,

Salamu nimeziacha mwishoni, nikianza nazo sitafika ninakokwenda. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya harusi. Niliiweka mfukoni nikacheza nayo harusi nzima. Msomee huyo mama kuanzia hapa, na usibadilishe kitu.

Mama wa Elema, mimi ni Manzi. Mwanao hakuwa amelala.

Ilikuwa siku ya tatu sijaona mtu. Nilimwona kwa mbali sana, na yeye aliniona mapema, kwa sababu alianza kuhama mapema. Alikwenda upande wake, kushoto, vizuri kabisa, kama mtu anayejua kuendesha. Halafu aliinua mkono kunisalimia. Hakuwa ananijua. Nadhani alifurahi tu kuona mtu, kama nilivyofurahi mimi.

Mimi nikahamia kulia. Kwetu tunapishana hivyo. Nimebeba abiria Kigali miaka tisa, na mikono yangu haijui kingine. Nilipoona ananijia, nilidhani yeye ndiye amekosea, nikazidi kwenda kulia. Akashusha mkono, akajaribu kurudi katikati ili anipishe. Nafasi haikuwepo. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona macho yake. Yalikuwa wazi, na yalikuwa yananiuliza ninafanya nini.

Hospitalini polisi alipokuja nilisema alinijia upande wangu. Siku hiyo niliamini hivyo. Siku ya nne nesi alinisukuma kwa kiti mpaka dirishani nipate hewa. Chini kulikuwa na barabara. Nikatazama magari yanavyopishana, moja, mbili, tatu. Nikamwomba anirudishe kitandani. Afisa yule alikuja tena kesho yake, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Sikujua kwamba ulimwamsha. Kama ningejua labda ningesema. Labda nisingesema, sitaki kujipamba. Lakini ulimwamsha mtu akaamka, akaendesha vizuri. Asiyekuwa macho ni mimi.

Naishia hapo.

Umulisa, Mama hajambo. Nimemsomea haya kabla ya kuifunga bahasha. Aliinuka, akaenda kukaa nje, akakaa mpaka jirani, mzee Nsengiyumva, akamwuliza kama kuna msiba. Akajibu, "Upo." Watu wameanza kuja. Nimewaandalia viti.

Manzi


Kalacha, 24 Septemba 2025

Kaka Manzi,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nakuandikia leo leo kwa sababu lori linarudi kesho, na nimefikiri siku ngapi umeshasubiri.

Mpe Mama pole. Mwambie nimesikia kwamba watu wamekuja, na kwamba hata huku tumekaa.

Niliwaomba Mzee Boru na Mama Qabale waketi pamoja. Nikasoma polepole, nikirudia pale ambapo Kiswahili chako kilikuwa kigumu. Sikubadilisha kitu. Nilipofika kwenye dirisha la hospitali nilishusha karatasi, Mzee Boru akasema, "Soma." Nikasoma.

Nilipomaliza aliinuka. Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka. Alisema, "Miaka mitatu nimemwita mwanangu mzembe. Mbele ya watu nimemwita hivyo." Akatembea kidogo, akarudi. "Huyo kaka yako ana mguu?" Nikasema anao, anachechemea. "Basi aje. Aseme mbele ya watu haohao, kwa mdomo wake. Na aende polisi akaseme kule pia." Sikumjibu kwa niaba yako, Kaka. Hakuongea kwa hasira, au labda ilikuwa hasira na mimi sijui inavyofanana kwa watu wa huku. Amekwenda kwa ndugu zake kuwaeleza. Nilimwona anavuka uwanda peke yake, bila fimbo, ameisahau mlangoni.

Mama Qabale alibaki ameketi.  Kisha akaniuliza, "Mkono gani?"

Sikuelewa.

"Aliinua mkono gani kumsalimia?"

Hukuandika. Nikasema hukuandika, ila mwendeshaji wa pikipiki hawezi kuachia ule wa kulia, ndio unaoshika mafuta. Utakuwa wa kushoto. Nikamwonyesha, nikakaa kwenye gunia kama kwenye pikipiki, nikainua mkono wa kushoto. Akanitazama. Hakulia. Alinishika kiganja kile, bado kiko juu, akakishusha taratibu mpaka kwenye goti langu.

"Basi alikuwa amelala vya kutosha," akasema.

Akaingia ndani. Nilisikia mkeka ukikunjuliwa. Ilikuwa saa tano asubuhi, saa ambayo simjui kukaa kitako, sembuse kujinyoosha. Baada ya kitambo nikachungulia: amelala ubavu, viatu miguuni, mdomo umefunguka kidogo.

Ni alasiri sasa, na bado amelala. Nimekaa hapa mlangoni na daftari, nawafukuza mbuzi wasije wakamwamsha.

Mdogo wako,
Umulisa